Mutiso Chini ya Kikapu

Kabla sijaandika lolote, natenga mafungu mawili ambayo watu wa rika langu wameyachanganya kwa miaka mingi: niliyoyaona na niliyoyasikia.

Nimesikia kwamba Mutiso amekufa. Habari hiyo ilinifikia mwezi uliopita kupitia mtu aliyeipata kwa mwingine, na kati yao hakuna aliyeliona kaburi. Mmoja anasema alifia Kitui, mwingine anasema Mombasa, na wa tatu anaapa kwamba alimkuta mwaka juzi akiuza miwa Machakos. Nimesikia pia kwamba ujanani mwake kichwa chake kilifika kwenye ringi ya mpira wa kikapu, kwamba aliwahi kuzuia mipira hamsini katika mchezo mmoja, na kwamba nguvu hizo zote zilitoka kwenye dawa aliyofungwa mkononi. Haya ni ya kusikia. Niliyoyaona ni machache, na hakuna hata moja linalonipa heshima.

Nisingeyaandika kama si harufu. Wiki hiyohiyo binti yangu aliingia nyumbani na kiondo cha mkonge kilichonyeshewa, akakiweka karibu na kiti changu. Mkonge uliolowa una harufu yake, ya majani yaliyoanza kuoza, na ndani yake kitu kikali kama jasho. Nilimwamuru akitoe nje. Hakuuliza sababu, maana nyumbani kwangu wamezoea kuniona mkali bila sababu. Harufu ile ilikuwa ya mlango wa Mama Mutiso, Kambi Muru, alipokuwa akikaa juu ya kigoda na kusokota nyuzi za mkonge pajani mwake, ndoo ya maji kando, huku mumewe akichonga twiga wa mti ndani, akiwachonga mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya maduka ya watalii mjini.

Mimi nilikuwa wa Lindi, kijiji jirani katika mtaa uleule wa mabanda, ambako mama yangu aliuza omena mbele ya chumba tulichopanga. Mutiso nami tulimaliza darasa la nane mwaka mmoja, tukapata alama za kutosha na tukakosa karo, tukawa watu wa kushinda uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa ua wa kanisa, upande wa Olympic, karibu na steji ya mabasi: changarawe nyekundu, mistari iliyochorwa kwa majivu, ubao mmoja kila upande uliopigiliwa kwenye nguzo kuukuu, na ringi za nondo zilizokunjwa na fundi wa jua kali ambaye nadhani hakuwahi kuona mpira wa kikapu, kwa sababu moja ilikuwa pana kuliko nyingine. Kila alasiri mpira ulipodunda, vumbi lilituingia puani, na tulirudi nyumbani tukipenga kamasi nyekundu.

Nilikuwa nahodha, nikivaa jezi namba nne. Mchezo, kwa akili yangu ya wakati ule, ulikuwa jambo rahisi. Anayetia mpira kikapuni ndiye mchezaji, na wengine wote wapo ili kumletea mpira. Mimi nilitia. Mutiso, aliyekuwa mrefu kutuzidi sote na ambaye kwa sababu hiyo aliitwa senta, hakutia kitu. Alisimama chini ya kikapu chetu, magoti yamekunjwa kidogo, mikono imenyooka juu kama mtu aliyeambiwa ajisalimishe, na aliongea bila kupumzika. "Kushoto! Kushoto kwako, Kapteni! Kuna mtu nyuma yako! Mwachie, mwachie aje, niko hapa!" Na baina ya makelele hayo alinong'ona mambo ambayo hatukuyasikia.

Masenta wa timu nyingine walikuwa wakiupiga mpira wa adui kofi hadi ukavuka ua, na watu wakashangilia. Mutiso hakufanya hivyo. Aliugusa kwa ncha za vidole tu, ukaanguka mikononi mwa mmoja wetu. Mara nyingi hakuugusa kabisa. Mtu alikuja mbio hadi kwenye mstari wa majivu, akainua macho, akabadilisha nia, akaurudisha mpira nyuma kwa mwenzake. Hilo la mwisho ndilo lililonipotosha. Mtoto huhesabu kilichotokea. Mpira usiorushwa hauanguki popote, wala hakuna anayeuandika. Nilimwona Mutiso kuwa mvivu aliyebarikiwa mifupa mirefu.

"Tiso, wewe hufungi hata moja," nilimwambia siku moja tukifua jezi. "Huoni aibu, manze?"

"Aibu ya nini na wewe unafunga za watu wawili?"

"Sasa kazi yako ni gani pale?"

"Mimi ni mlango tu, Kapteni. Ushawahi kuona watu wakipigia mlango makofi?" Akacheka, akanimwagia maji ya sabuni miguuni.

Nilimwuliza pia alichokuwa akinong'ona, na jibu lake nalihesabu kuwa ushahidi kwa sababu lilitoka kinywani mwake mwenyewe. Alisema anahesabu. Tangu utotoni kazi yake nyumbani ilikuwa kumshikia baba yake gogo wakati anapolipiga tezo. Baba alipiga mara tatu, kisha gogo likageuzwa, na ilimpasa mwana ajue hesabu hiyo kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, asije akapoteza vidole. "Mtu akidunda mpira ni vilevile," alisema. "Kila mmoja ana namba yake. Wengine wanaruka kwa ya tatu, wengine kwa ya pili. Ukiijua, huna haja ya kumkimbiza. Unamngoja tu."

Kocha wetu, fundi wa mawe aliyekuja akiwa bado na saruji kwenye nyusi, alijaribu kunifundisha jambo hilohilo kwa maneno machache. Baada ya mchezo mmoja tulioshinda alinivuta kando. "Kapteni, umehesabu zile hawakurusha?"

"Zipi, Kocha?"

"Hizohizo hawakurusha," akasema, akaenda zake. Nilidhani amelemewa na uchovu wa kazi, hajui anachosema.

Sasa naja kwenye uzi, huo ambao watu wanauita dawa. Siku moja mazoezini Mutiso aliangukia mkono wake wa kulia juu ya changarawe, na kifundo kikavimba palepale. Mimi nilimsindikiza hadi Kambi Muru. Mama yake hakupiga kelele. Alitoa nyuzi za mkonge ndani ya ndoo ya maji, zikiwa bado zinadondoka, akazisokota pamoja, akaanza kumzungushia mwanawe kifundoni, mizunguko iliyobanana, kama mtu anayefunga mpini wa jembe uliopasuka.

"Wewe, mtoto wa Lindi, shika hapa," aliniambia. "Bonyeza na usiachilie. Ukikauka utakaza wenyewe."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nilihisi fundo likifungwa juu ya ukucha wangu, kisha nikachomoa kidole. Katika uzi ule hamkuwa na ngozi, wala unga, wala karatasi. Niliuona tangu ndoo hadi fundo.

Akiwa na uzi huo mkononi tulikwenda Kawangware, mtaa mwingine wa jiji, kucheza na timu ya huko, uwanja uliozungukwa na vibanda vya mbao na wanaume wanaokunywa chai wakiwa wamesimama. Nahodha wao alikuwa kijana aliyeitwa Kinyozi kwa sababu alinyoa watu kwenye kibanda cha baba yake. Alikuwa mwepesi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Mara ya kwanza na ya pili alipojaribu kupenya, alikuta mikono ya Mutiso imeshafika kabla yake. Mara ya tatu hakujaribu. Kufikia nusu ya mchezo Kawangware nzima ilikuwa ikirusha mipira kutoka mbali na kuikosa, na sisi tukashinda bila jasho kubwa. Niliamini kwamba nimeshinda mimi.

"Huyo mtu wenu ana kitu," Kinyozi aliniambia tulipokuwa tukivaa mashati. "Si unaona anaongea na mkono? Unafika pale miguu inaisha nguvu."

"Enda ukanyoe watu," nilimjibu, na wenzangu wakacheka.

Lakini Ouma, mchezaji mwenzetu, hakucheka. Aliyabeba maneno yale hadi Lindi, na kabla hayajapita nyumba tatu, uzi ulikuwa umepata ngozi ndani yake, ngozi imepata nyanya aliyeituma kutoka Ukambani, na nyanya amepata jina. Nilisikia yote. Ningeweza kuyakomesha kwa sentensi moja: nilikuwepo, nilishika kwa kidole changu. Sikuisema. Maneno yale yalinipa kitu nilichokuwa nikikitafuta bila kujua. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona tukishinda Mutiso akiwepo na tukiteseka asipokuwepo, na sikuweza kueleza kwa nini mtu asiyefunga awe na uzito huo. Kama ni uzi, basi si yeye. Na kama si yeye, basi bado ni mimi.

Ndipo Kocha akatuletea habari iliyotuondolea usingizi. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni, nje ya jiji, angekuja kupuliza filimbi Kawangware watakapokuja kwetu, na baada ya mchezo angemchukua kijana mmoja kidato cha kwanza, bila karo. Mmoja tu, kutoka timu zote mbili. Mimi na Mutiso tuliketi kwenye ukuta wa kanisa tukilitazama jambo hilo kila mmoja kivyake. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Akikuchukua wewe, utaniandikia barua?" Nikasema ndiyo. Mimi sikumwuliza swali kama hilo.

Siku ilipofika ua ulijaa hadi watoto wakapanda juu ya choo cha kanisa. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye filimbi ya chuma na kitabu cha sheria ambacho kweli alikisoma. Alitupanga mstari akatukagua kucha, saa na pete, kama sheria ilivyotaka. Alipofika kwa Mutiso, Kinyozi akapaza sauti. "Refa, angalia huo mkono! Hiyo ni dawa!" Watu wakaguna.

"Hii ni nini?" mwalimu aliuliza.

"Mkono uliumia, mwalimu," Mutiso alisema. "Mathe alinifunga."

"Kila mtu husema hivyo."

Kocha akaita kutoka pembeni kwamba ni kweli, mkono uliteguka. Mwalimu hakugeuka. "Wewe uliona ukifungwa?" Kocha hakuwa ameona, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, alisema hapana. Ndipo mwalimu akanigeukia mimi. "Kapteni. Kama ni bandeji, atacheza nayo. Kama ni pambo au upuuzi mwingine, itatoka. Naamini neno lako. Uliona kwa macho yako?"

Nimetumia maisha yangu ya utu uzima nikisikiliza mashahidi mahakamani, na nimewakemea wengi kwa kusema wasiyoyaona. Hakuna hata mmoja niliyemkemea kwa kukana aliyoyaona, kwa sababu wa aina hiyo hawatambuliki. Nilimwangalia mwalimu mwenye kitabu chake. Nilihofu kuonekana nikiitetea dawa mbele yake. Nilihofu, ingawa kidole changu kilijua vingine, kwamba pengine ni dawa kweli. Na chini ya hofu hizo palikuwa na jambo tulivu zaidi, ambalo sitalipamba: mmoja tu ndiye angechukuliwa.

"Sikuona, mwalimu," nikasema.

Mutiso alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake. Aliniangalia kama alivyowaangalia wachezaji, kana kwamba anatafuta namba yangu. Kisha akaling'ata fundo kwa meno, akaufungua uzi mzunguko kwa mzunguko, na akanipa mimi niushike, kwa kuwa nahodha ndiye anayeshika vitu vya wachezaji. Ulikuwa na joto la mwili wake. Nikausukuma ndani ya soksi.

"Imetoka!" Kinyozi aliwapigia wenzake kelele. "Sasa ingieni!"

Wakaingia. Vijana ambao mwezi mmoja tu nyuma hawakuthubutu kuuvuka mstari wa majivu walikuja kama watu wanaoingia dukani. Na yaliyotokea baada ya hapo niliyaona kwa macho haya, kwa hiyo nayaandika bila woga: Mutiso aliwazuia. Hakuwa na uzi, na aliwazuia. Wa kwanza aliruka, akakuta mkono. Wa pili aliyumba kulia, akakuta kifua. Wa tatu, Kinyozi mwenyewe, alidunda mara mbili akaruka, na ule mpira ulichukuliwa kutoka vidoleni mwake taratibu, kama mtu anayepokewa mzigo. Nilimsikia Mutiso akihesabu. Kwa mara ya kwanza nilisimama nikaitazama kazi yake, kwa kuwa sasa ilionekana. Zamani walimwogopa, na kazi yake ilikuwa imejificha ndani ya hofu yao. Siku ile tulipowaondolea hofu, alilazimika kuifanya yote kwa mwili, mtu baada ya mtu, na kifundo kilichokuwa hakijapona.

Kabla ya nusu ya pili kwenda mbali, alizuia mpira uliorushwa kwa nguvu, na nikasikia sauti ya mfupa ukikatika. Hakulia. Aliuweka mkono wa kulia tumboni, akauinua wa kushoto peke yake, akaendelea kutuita: "Nyuma yako, Kapteni! Kushoto!" Alisimama hivyo kwa mashambulizi mawili hadi Kocha akaingia uwanjani akamtoa kwa kumshika kiunoni.

Sitasimulia yaliyofuata kwa urefu. Katikati palikuwa wazi, na Kawangware walipita hapo kama walivyotaka. Mimi nilifunga. Nilifunga kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, kwa sababu kila walipotufunga tulipewa mpira, na kila nilipopewa mpira nilirusha. Nilikuwa nikiona vikapu vyangu vikiingia na nikiona tukizidi kuachwa, na sikuweza kuyaunganisha mambo hayo mawili. Tulishindwa vibaya.

Mwalimu alipewa karatasi ya alama. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka kwenye majina. "Namba nne ndiye huyu?" Nikasema ndiye mimi. Kocha akamkaribia, amevua kofia.

"Mwalimu, nakuomba. Ungemwona yule mrefu. Hiyo timu yote ni yeye."

Kidole kikashuka zaidi, kikasimama. "Sifuri. Na faulo tatu."

"Hiyo karatasi haina mahali pa kuandika anachofanya."

"Basi mimi nitaandika nini, Kocha?" Aliuliza kwa upole, na nadhani kweli alitaka kujua. Kisha akaandika jina langu.

Asubuhi iliyofuata, nyuma ya chumba chetu, niliutoa uzi kwenye soksi nikaufumua nyuzi zake zote, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeuona ukisokotwa, na bado niliufumua. Ulikuwa mkonge mtupu. Nikausokota tena vibaya, nikauficha.

Mkono wa Mutiso ulivutwa na mzee mmoja anayeunga mifupa, nao ukaungana ukiwa umepinda. Wiki tatu baadaye, nyumbani kwao, niliona vidole vyake vikijaribu kufunga juu ya mpini wa tezo na kushindwa kufika. Mtoto mwingine, mdogo, ndiye aliyekuwa akimshikia baba gogo. Mama Mutiso aliendelea kusokota pajani, akaniuliza bila kuinua uso: "Si ni wewe ulibonyeza kidole?"

"Ni mimi, Mama."

"Walikuuliza?"

Niliwatazama twiga waliopangwa ukutani. Hakuuliza tena, na hakuniambia niondoke. Nilikaa pale hadi nikaona aibu ya kukaa, nikaaga.

Wengi wenu mnaosoma haya mmewahi kuniuliza kwa nini nilifika nilikofika na yeye hakufika. Nimewajibu kwa maneno ya bahati na bidii. Jibu sahihi ni kwamba timu ilisimama juu ya mtu mmoja aliyefanya kazi isiyoandikwa, na aliyeweza kuishuhudia alikana. Shuleni nilicheza miaka minne mbele ya masenta wengine, na sijapata tena kusikia nyuma yangu sauti ya mtu anayejua nilipo. Sidhani nitaisikia.

Yanayosemwa juu ya maisha yake baada ya hapo yamo katika fungu la pili, na sitayagusa. Ninachoweza kukithibitisha kinaishia siku niliyoondoka. Alikuja Lindi bila kuitwa, akalitazama sanduku langu jipya la bati, akasema steji ya Olympic ni mbali kwa mtu wa kufunga vikapu. Alijitwisha sanduku kwenye bega la kushoto, akilishikilia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni. Tulipokuwa tukipanda mwinuko aliniuliza:

"Kapteni, ule uzi wa Mathe uliupeleka wapi?"

"Ulipotea," nikasema.

"Haidhuru. Atasokota mwingine."

Alilibeba sanduku hadi steji, akaliweka chini polepole lisipate mkwaruzo. Uzi ulikuwa ndani yake, chini kabisa, umezungushiwa soksi. Hilo nalijua, maana niliupanga mwenyewe.